Beta: angalia vipeo kwanza, kalamu baadaye

Haya wale wa diskasheni ya Chumbageni mlioniuliza kuhusu Beta, na wengine wa hapa Tanga mnaojiandaa na pepa ya analisisi, naandika mara moja wote msome.

Fanksheni ya Beta ni hii:
B(x,y) = ∫₀¹ t^(x−1) (1−t)^(y−1) dt, x na y zote zaidi ya sifuri.

Ukipewa swali usikimbilie kufungua mabano. Soma vipeo (pawa za t na za 1−t), kila kimoja ongeza 1, ndo x na y zako hizo. Mfano ∫₀¹ t³(1−t)⁴ dt, vipeo ni 3 na 4 kwa hiyo ni B(4,5) sio B(3,4), wengi wanachemka hapa. Namba zikiwa nzima unatumia faktoria, (x−1)!(y−1)!/(x+y−1)!: 3!·4!/8! = 144/40320 = 1/280. Waja leo waondoka leo, mwenzako bado anahangaika na mabano.

Ila kagua ncha kwanza, yaani t = 0 na t = 1. Kipeo cha t kikiwa −1/2 fanksheni inapaa pale kwenye sifuri lakini eneo lake bado lina kikomo, maana x = 1/2. Kikiwa −1 kamili, x = 0, inakuja logi na inadaiverji, yaani eneo halina kikomo, hapo hamna Beta. Kwenye analisisi sentensi hiyo moja ina maksi zake, iandikeni.

B(x,y) = B(y,x), weka t = 1−u basi, tusonge.

Utamu uko kwenye t = sin²θ:
B(x,y) = 2∫ sin^(2x−1)θ cos^(2y−1)θ dθ, kutoka 0 hadi π/2.

Weka x = y = 1/2, vipeo vyote vinakufa, inabaki 2 × π/2, yaani π. Sasa kwa kuwa B(x,y) = Γ(x)Γ(y)/Γ(x+y) (Γ ni Gamma, faktoria iliyopanuliwa hadi namba zisizo nzima) na Γ(1) = 1, tayari umepata Γ(1/2) = √π bila jasho, mi huwa naona hii ndo bora kuliko zote. Ukiletewa sin⁶θ mipaka hiyohiyo: x = 7/2, y = 1/2, Γ(7/2) = 15√π/8, Γ(4) = 6, gawa kwa ile 2 ya mbele, jibu 5π/32.

Mipaka isipokuwa 0 na 1, ivute kwanza iwe 0 na 1. Jaribuni ∫₀² s²√(2−s) ds kwa s = 2t, itoke 128√2/105, isipotoka basi ile 2 ya ds umeiacha njiani.