Kutafuta ukumbi wa Sabato kwa kundi dogo la mizizi ya Kiebrania

Kundi la mizizi ya Kiebrania, yaani waumini wa Yesu wanaoshika Sabato na sikukuu za Torati, likifika watu 15 hadi 30 na kuanza kubanana sebuleni, wengi hukimbilia kuulizia ukumbi wa Jumamosi asubuhi. Ulizieni kwanza Ijumaa alasiri, maana Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, na tangu hapo hakuna kazi wala malipo. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi, mwaka mzima. Kabla ya hapo viti viwe vimepangwa, spika zimefungwa, maji yamejazwa na kodi imelipwa. Ukumbi unaofunguliwa Jumamosi na mlinzi anayedai chake mlangoni utawavunjia Sabato kila wiki, hata uwe rahisi namna gani.

Jengo la kanisa linaloabudu Jumapili ndilo linalofaa zaidi: lina viti, vyoo na ulinzi. Ila ulizeni kwaya hufanya mazoezi lini, maana mara nyingi ni Jumamosi alasiri, saa ileile ya mafunzo yenu. Kumbi za kijamii hujaa harusi siku hiyo. Darasa la shule ya binafsi huwa nafuu, lakini madawati ya watoto huwachosha wazee, na kama kuna masomo ya ziada mtatolewa nje bila taarifa.

Kwa mchungaji waende wazee wawili, na karatasi ya ukurasa mmoja: mnaamini nini kuhusu Yeshua (Yesu), mko wangapi, mnakutana saa ngapi. Hofu yake kubwa ni kuibiwa waumini. Itajeni ninyi kwanza, na muahidi kwamba hamtagawa vipeperushi kwa watu wake wala kuisema vibaya ibada ya Jumapili ndani ya nyumba yake. Hofu hiyo ikiachwa kimya, siku moja mtaambiwa tu kwamba ukumbi una matumizi mengine.

Mkataba uwe wa maandishi. Muda: Ijumaa saa tisa alasiri hadi Jumamosi saa mbili usiku. Kodi ilipwe kwa mwezi, kwa simu au benki, siku ya kazi. Kukiwa na harusi au shughuli nyingine ya mwenye jengo, mpewe taarifa ya siku 14 na mrudishiwe fedha ya wiki hiyo; misiba isamehewe. Ombeni pia nafasi ya sanduku la bati lenye kufuli, la vitabu, mishumaa na nyaya. Huenda mkaombwa cheti cha usajili: Kenya ni kwa Msajili wa Vyama, Tanzania Bara ni Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Tarehe za sikukuu ziandikwe siku ya kutia saini. Mwaka 2026 Pasaka ya kalenda ya Kiyahudi ilianza jioni ya 1 Aprili, na Ijumaa Kuu ikawa tarehe 3. Jengo la kanisa halipatikani wiki kama hiyo, kwa hiyo mlo wa Pasaka upangiwe nyumbani kwa mtu. Mwaka 2027 inaanza jioni ya 21 Aprili, mbali na Pasaka ya makanisa. Sikukuu ya Vibanda inahitaji uwanja, si chumba: ombeni ruhusa ya kusimamisha kibanda siku nane. Kundi linalopanga tarehe za sikukuu kwa kuutazama mwezi mwandamo kwa macho liombe siku moja ya akiba, maana tarehe husogea.

Jikoni, tumieni sufuria zenu, kwa sababu hamjui za ukumbi zilipikia nini. Maharage na wali vipikwe Ijumaa, vipozwe haraka na kuwekwa kwenye friji, chai kwenye chupa; Kutoka 35:3 inakataza kuwasha moto siku ya Sabato. Hotpoti haishiki joto la kutosha hadi kesho yake. Chakula kikilala humo, kufika saa saba mchana maharage yameshachacha na watoto wataumwa tumbo.

Ibada ianze saa nne: Shema (ungamo la "Sikia, Ee Israeli"), fungu la Torati la wiki (yako 54 kwa mwaka, na baadhi ya wiki husomwa mawili), Manabii, kisha Injili. Baada ya chakula, maswali. Havdala, ibada fupi ya kufunga Sabato, husubiri nyota tatu, yaani takriban nusu saa baada ya jua kuzama. Mshumaa wake wa kusokotwa hudondosha nta nyingi, hivyo ushikiwe juu ya sinia. Ufagio na deki vifuate hapohapo, kabla watu hawajatawanyika, ili saa mbili funguo ziwe zimerudi kwa mwenyewe.