Somo: Printa ya zamani imegoma kwenye seva ya nyumbani? Anza kwenye karatasi, rudi nyuma hadi kwenye laptopu

Alhamisi moja baada ya alasiri umeme ulikatika kwetu Langoni, Lamu, ukarudi karibu na magharibi. Nilikuwa na mtihani wa madrasa wa kuchapa, nakala 60, na maalim ameshaketi dakani ananingoja. Laptopu inasema "Offline". Printa iko juu ya kabati, taa ya kijani inawaka, imetulia kama paka wa gatini aliyeshiba samaki. Nikaifuta printa kwenye laptopu, nikaiongeza upya. Nikafuta draiva, ile programu inayoiongoza printa, nikaipakua upya. Mpaka adhana ya isha nimeshazunguka hivyo mara nne, na maalim kamaliza birika la kahawa.

Kosa halikuwa kwenye laptopu. Umeme uliporudi, ruta iligawa anwani upya: ile 192.168.1.14 ya seva (kompyuta ndogo iliyoshika printa) ikachukuliwa na simu ya binti yangu, seva ikapewa namba nyingine. Jioni yote ile laptopu ilikuwa inapeleka mtihani wa fiqhi kwenye simu ya mtoto.

Tangu siku hiyo nina desturi moja, nayo ndiyo somo la leo. Sianzi kwenye laptopu. Naanza kule karatasi inakotokea, narudi nyuma kituo kwa kituo, na sivuki kituo mpaka nimekiona kwa macho kwamba kinafanya kazi.

Mfano wangu ni leza ya mitumba, inayochapa nyeusi tupu, yenye tundu la USB na hakuna zaidi: haina Wi-Fi wala waya wa mtandao. Imechomekwa kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo ndiyo seva yangu, yenye programu ya CUPS, ileile inayoendesha uchapaji ndani ya kompyuta za Mac. Mwenye kisanduku cha dukani cha kuunganishia printa na mtandao, au ruta yenye tundu la USB, atafuata vituo vilevile. Amri tu ndizo zitakazotofautiana.

Kituo cha 1: printa peke yake

Chomoa waya wa USB. Leza nyingi za zamani zina kitufe kimoja au viwili. Ukikibana sekunde chache inatoa ukurasa wake wa majaribio. Ukitoka safi, printa ni nzima. Usipotoka, funga laptopu, maana hakuna draiva itakayotengeneza rola iliyokwisha.

Kwetu pwani kuna adui wa ziada, unyevu. Karatasi iliyoachwa wazi kwenye trei siku kadhaa inanyonya unyevu, inajikunja ikipita kwenye joto la printa, kisha inakwama, na watu wanalaumu printa. Rimu ibaki kwenye ganda lake, trei ipate karatasi za siku hiyo tu. Rola ikiteleza, ipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa maji kidogo.

Kituo cha 2: waya, na umeme wa seva

Rudisha USB, ingia kwenye dirisha la amri la seva, andika:

lsusb

Jina la printa lionekane. Kama halipo, badilisha waya kabla ya jambo jingine. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5, na wa mita mbili ni bora. Chunguza na ncha zake: hewa ya chumvi huzivisha utando wa kijani. Zifute kwa spiriti na uache zikauke.

Printa ikionekana mara ipo mara haipo, tazama chaja. Wengi wetu tunaiwasha Pi kwa chaja yoyote ya simu iliyolala kwenye droo. Pi 3 inataka 2.5A, Pi 4 inataka 3A, zote kwa volti 5.1. Andika "dmesg | grep -i voltage". Ukisoma "Under-voltage detected!", umempata mwizi wako.

Kituo cha 3: foleni

Foleni ni mstari wa kazi zinazongoja kuchapwa kwenye seva. Hapa ndipo nimewakuta watu wengi wamekwama, kwa hiyo tutakaa kidogo. Andika:

lpstat -t

Tafuta maneno "disabled since". Maana yake foleni imejifunga. Kwenye mipangilio mingi ya CUPS, kazi moja ikishindikana, tuseme printa ilikuwa imezimwa, foleni yote inasimamishwa na haifunguki yenyewe hata printa ikiwashwa. Wewe unaona taa ya kijani, laptopu inapokea kazi bila kulalamika, seva inazihifadhi kwa adabu zote, na hakuna kinachotoka.

Usikimbilie kuifungua. Kwanza futa zilizorundikana. Mtu akiona kimya hubofya tena, na tena. Nakala 60 zikibofywa mara 9 ni karatasi 540, zaidi ya rimu nzima, na zote zitatoka siku foleni itakapofunguka. Yamenikuta. Basi, kwa foleni iliyoitwa Leza:

cancel -a Leza
sudo cupsenable Leza
sudo cupsaccept Leza

Halafu hii, ambayo unaiandika mara moja tu, nayo inaifundisha foleni kurudia kazi iliyoshindikana badala ya kujifunga:

sudo lpadmin -p Leza -o printer-error-policy=retry-job

Sasa jaribu kuchapa kutoka kwenye seva yenyewe, laptopu ikiwa imefungwa:

echo "Langoni moja" | lp -d Leza

Karatasi ikitoka na maneno hayo, nusu ya njia nzima haina kosa. Isipotoka, washa kumbukumbu ndefu kwa "sudo cupsctl --debug-logging", rudia jaribio, kisha soma mwisho wa faili la /var/log/cups/error_log. Sentensi zake ni za kuchosha, lakini neno la maana mara nyingi liko kwenye mistari michache ya mwisho.

Kituo cha 4: anwani, na kuta zetu

Kwenye seva andika "hostname -I" usome anwani yake ya leo. Ilinganishe na ile laptopu inayoijua. Zikitofautiana, yamekupata yaliyonipata mimi. Dawa ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa anwani), na kuifungia seva anwani moja kwa kutumia namba yake ya MAC, ile namba ya kudumu ya kifaa chenyewe. Ruta ikizimika mara mia, seva itarudi palepale.

Kisha fungua kivinjari kwenye laptopu, andika http://, anwani hiyo, halafu :631. Ukurasa wa CUPS ukifunguka, mtandao uko sawa. Usipofunguka, huenda seva haijaruhusiwa kusikiliza wengine:

sudo cupsctl --remote-any --share-printers

Walioko mji wa kale wazingatie na ukuta. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa ni baridi na nzuri, lakini Wi-Fi haizipendi. Mimi nilipigana wiki nzima na printa iliyokuwa inakubali ukurasa mmoja na kukataa wa pili, kumbe seva ilikuwa ndani kabisa na ruta ukumbini, kuta mbili katikati. Nikavuta waya wa mtandao kupitia kiwandani, yaani ua wa ndani, mambo yakaisha. Seva haitembei, basi haina haja ya Wi-Fi.

Kituo cha 5: laptopu

Sasa ndiyo zamu yake. Kwenye Windows, usingoje printa ijitokeze yenyewe kwenye orodha. Chagua kuongeza printa kwa jina na uandike njia nzima, ukiweka anwani ya seva yako:

http://192.168.1.14:631/printers/Leza

Draiva ndipo penye mtego. Kazi inatakiwa itafsiriwe kwenda lugha ya printa mara moja tu. Kama seva ina draiva ya printa yako, laptopu itume PostScript ya kawaida, lugha ya kurasa ambayo seva inaielewa (kwenye kundi la Generic chagua MS Publisher Imagesetter) na seva itatafsiri. Vyote viwili vikitafsiri, au kisitafsiri hata kimoja, utazijua dalili: karatasi zinamwagika moja baada ya nyingine, kila moja ina mstari mmoja juu wa alama za ajabu, na ya kwanza imeandikwa %!PS-Adobe. Hiyo ni printa inayochapa barua isiyoijua kusoma. Chomoa trei, futa kazi, rekebisha draiva.

Na kama kuna kazi iliyokwama kwenye Windows isiyokubali kufutika, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika "net stop spooler", futa vilivyomo kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (folda yenyewe iache), kisha "net start spooler".

Maswali ya wanachama

*Kutoka Shela:* Shikamoo. Nina nyumba ya wageni. Laptopu yangu inachapa vizuri, lakini simu za wageni haziioni printa kabisa. Tatizo ni simu zao?

Marahaba. Nikuulize kwanza: wageni umewapa Wi-Fi ya peke yao? Ruta nyingi huutenga mtandao wa wageni usiuone wa nyumbani, na ndivyo inavyotakiwa. Kama wako mtandao mmoja na wewe, hakikisha seva ina avahi-daemon, maana ndiyo inayoitangaza printa. iPhone zinachapa kwa AirPrint, huduma ya Apple ya kuchapa bila waya, tangu 2010, na Android za sasa zina huduma yao ya kuchapa ndani. Ila ningekuwa wewe nisingewafungulia. Wakutumie tiketi zao kwa barua pepe, uwachapie mwenyewe. Tona, ule wino wa unga, ni fedha.

*Kutoka Mpeketoni:* Yangu ni LaserJet 1020. Inachapa vizuri mpaka umeme ukatike. Ukirudi, kila kitu kinaonekana sawa, foleni iko wazi, lakini haitoi kitu.

Ndugu, hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyoundwa. LaserJet 1018 na 1020 hazihifadhi programu yao ya ndani. Kila zikiwashwa hupelekewa upya na kompyuta. Asipokuwepo wa kuipeleka, printa inawaka taa na haijui kazi. Sakinisha hplip, programu ya printa za HP, kwenye seva, kisha endesha "hp-plugin" ukiwa na intaneti. Baada ya hapo seva itaipelekea kila printa inapowashwa. Siku isipofanya hivyo, andika "hp-firmware" kwa mkono. Kwa printa hii kituo cha 1 pekee hakitoshi, umefanya vyema kuuliza.

*Kutoka Malindi:* Sisi ofisini printa imechomekwa kwenye kompyuta moja ya Windows na wengine wanaichangia. Zamani mtu alikuwa anabofya mara mbili tu anachapa. Sasa kila mgeni anadaiwa nywila ya msimamizi.

Hilo lilianza Agosti 2021. Mwaka ule kulipatikana tundu kubwa la usalama kwenye uchapaji wa Windows, lile lililoitwa PrintNightmare, na marekebisho yake yakazuia mtu asiye msimamizi kuweka draiva kutoka kompyuta nyingine. Kuna wanaofundisha namna ya kuliondoa zuio hilo. Mimi sifundishi. Msimamizi aweke draiva mara moja kwenye kila mashine, au hamishieni printa kwenye seva ndogo kama hii, mtumie ile njia ya http ya kituo cha 5.

*Kutoka Faza:* Mimi ni mwalimu. Bando ikiisha, hii seva itaendelea kuchapa? Nisijigharimie bure.

Itaendelea, mwalimu. Ruta ikiwa na umeme, laptopu na seva vinazungumza humo humo ndani. Intaneti unaihitaji siku ya kusakinisha tu. Sakinisha kila kitu siku una bando, ujaribu kuchapa, ndipo upakie chomboni uende nayo.

*Kutoka Mkomani:* Nimenunua kisanduku cha dukani, si Pi. Printa inachapa, lakini Windows inaionyesha "Offline" kila baada ya muda.

Fungua sifa za printa, sehemu ya Ports, kisha Configure Port. Toa alama kwenye "SNMP Status Enabled". Windows inauliza hali ya printa kwa lugha ambayo visanduku vingi haviijui, na ikikosa jibu inadhani printa imezimwa. Hakikisha pia poti ni 9100, ndiyo ya kawaida kwa visanduku hivyo.

*Kutoka Mkomani tena:* Imekubali, ahsante. Na je, hiyo leza niichomeke kwenye UPS, ile betri ya akiba, ili umeme ukikatika isikate kazi katikati?

La, usifanye hivyo. Leza ikipasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS ndogo za nyumbani hazistahimili. Watengenezaji wenyewe wanakataza. Kwenye UPS weka ruta na kisanduku. Leza iache ukutani. Umeme ukikatika karatasi itakwama nusu ndani: fungua mlango, ivute taratibu kwa mikono miwili kufuata njia yake, kisha ngoja. Wenye Pi waliokwisha kuweka retry-job hawana la kubofya. Umeme ukirudi kazi itatoka yenyewe.