Namna ya Kuandika Wasifu wa Wakili Aliyeingia Siasa

Waandishi wengi wa wasifu huipita miaka ya uwakili kwa aya mbili tatu, kisha hukimbilia kampeni, uchaguzi na madaraka. Ukifanya hivyo, utamnyima msomaji sehemu inayoeleza kwa nini mhusika wako alijenga hoja, alibishana na kuamua mambo kwa namna aliyoyaamua. Shauri langu ni kwamba uanzie mahakamani na ukae huko muda wa kutosha.

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, panga tarehe katika safu mbili, moja ya sheria na nyingine ya siasa. Andika lini alianza mafunzo, lini aliandikishwa kuwa wakili, lini alifungua ofisi, lini alijiunga na chama na lini aligombea kwa mara ya kwanza. Mara nyingi utagundua kwamba simulizi ya mtu aliyeiacha sheria akaenda kwenye siasa si sahihi. Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alichaguliwa katika bunge la jimbo la Illinois mwaka 1834, naye akapata leseni ya uwakili mwaka 1836. Nelson Mandela alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Umoja wa Vijana wa ANC, chama kilichopinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, mwaka 1944, miaka minane kabla ya kufungua ofisi ya uwakili pamoja na Oliver Tambo mjini Johannesburg. Wote wawili walizifanya kazi hizo mbili sambamba kwa miaka mingi, na sura zako zinapaswa kuufuata ukweli huo.

Kisha tafuta majalada. Hukumu peke yake haitoshi, kwa kuwa hiyo ni sauti ya jaji. Unachokihitaji zaidi ni mwenendo wa kesi, hati za madai na hati za kiapo, ambamo utamsikia wakili mwenyewe akiuliza, akipinga na akisihi. Usijaribu kuzieleza kesi zote. Chagua chache zinazoonyesha tabia, hata kama hazikupata umaarufu. Mohandas Gandhi, wakili aliyekuja kuongoza harakati za uhuru wa India, alikwenda Afrika Kusini mwaka 1893 kusaidia katika kesi ya madai ya pauni 40,000 baina ya wafanyabiashara wawili Wahindi waliokuwa ndugu. Aliwashawishi wakubali usuluhishi, na upande wake uliposhinda, akamsihi mteja wake apokee malipo kwa awamu ili mdaiwa asifilisike. Msomaji aliyeielewa kesi hiyo kavu ya biashara atayaelewa vizuri zaidi mazungumzo ya Gandhi na watawala katika miaka iliyofuata.

Hapa pana mtego. Wakili humsemea mteja, na hoja aliyoitoa mahakamani si lazima iwe imani yake. Mwaka 1841 Lincoln alitetea mbele ya Mahakama ya Juu ya Illinois hoja iliyosaidia kuthibitisha kwamba mwanamke Mweusi aliyeitwa Nance alikuwa mtu huru. Mwaka 1847 akasimama upande wa Robert Matson, mwenye watumwa aliyetaka kurudishiwa mama mmoja na watoto wake, na akashindwa. Mwandishi anayeitaja kesi ya kwanza akaificha ya pili anaandika sifa, si wasifu. Na anayeitumia ya pili kama ushahidi kwamba Lincoln aliupenda utumwa hajaelewa kazi ya wakili. Ziweke zote mbili, eleza wajibu wa wakili kwa mteja, halafu uonyeshe mhusika alisema nini alipokuwa akizungumza kwa nafsi yake.

Sehemu inayostahili kurasa nyingi zaidi ni pale taaluma na siasa zinapogongana. Mwaka 1954 chama cha mawakili cha Transvaal, jimbo la Afrika Kusini wakati huo, kiliiomba mahakama imfute Mandela katika orodha ya mawakili, kwa sababu alikuwa ametiwa hatiani kutokana na kampeni ya kukaidi sheria za kibaguzi. Mahakama ilikataa, ikiona kwamba kosa lile halikumvunjia heshima ya kuwa wakili. Mwaka 1962, akiwa mshtakiwa mjini Pretoria, alijitetea mwenyewe na kumtaka hakimu ajitoe katika kesi, kwa hoja kwamba mtu Mweusi hawezi kutendewa haki na mahakama ya Wazungu watupu inayosimamia sheria zilizotungwa na bunge ambamo hawakilishwi. Tarehe 20 Aprili 1964, katika kesi ya Rivonia, ambamo yeye na wenzake walishtakiwa kwa hujuma dhidi ya serikali, hakutoa ushahidi wa kiapo bali alisoma tamko akiwa kizimbani. Mweleze msomaji maana ya uamuzi huo: wakati huo tamko la namna hiyo lilikuwa na uzito mdogo kisheria, lakini upande wa mashtaka haukuweza kumhoji msemaji kwa maswali. Aliyeuchagua utaratibu huo aliijua sheria, na aliutumia ujuzi wake kuzungumza na nchi nzima.

Miaka ya madaraka utaipata kwa urahisi katika hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, na katika magazeti, kwa hiyo sihitaji kuirefusha. Jambo moja tu usiliache: linganisha alivyozidai haki za washtakiwa alipokuwa wakili na alivyozilinda, au alivyozikanyaga, alipopata nguvu ya kutunga sheria na kuteua majaji.

Unapohoji watu, wahoji pia mawakili waliosimama upande wa pili, makarani wa mahakama na wateja walioshindwa, maana marafiki wa chama humkumbuka kiongozi tu. Ukikabidhiwa barua au maelezo ya mteja, kumbuka kwamba siri baina ya wakili na mteja ni mali ya mteja. Pata ridhaa yake kwa maandishi kabla ya kuchapisha, na akikataa, tumia yale tu yaliyosemwa katika mahakama ya wazi.