Vitenzi vya mwendo vya Kiingereza: kitafute kile kineno kidogo

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Moshi. Wanafunzi wangu wengi ni wapagazi wanaotaka kuwa waongoza watalii wa Kilimanjaro. Msamiati wanao. Kinachowakwamisha ni kudhani kila kitenzi cha Kiswahili kina pacha wake kwenye Kiingereza. Toa daftari, twende.

Hatua ya 1. Andika: panda, shuka, ingia, toka, vuka, pita, rudi. Kila kimoja kimebeba uelekeo tumboni mwake. Kiingereza cha kila siku huupakua uelekeo huo na kuuweka kwenye kineno kinachofuata kitenzi: *go up, go down, go in, go out, go across, go past, go back*. Yapo *ascend* na *descend*, ila ukimwambia mgeni "Now we descend" utasikika kama rubani. Sema "Now we go down."

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye utamu, usiharakishe. Chukua "Alivuka barabara akikimbia." Kwetu kuvuka kunatangulia, kukimbia kunafuata. Wengi huandika "He crossed the road running." Kisarufi imepita, lakini mwenye lugha yake atasema "He ran across the road." Kukimbia kumekalia kiti cha kitenzi, kuvuka kumejibanza ndani ya *across*. Pindua hivyo hivyo:

Waliingia wakinyata: They crept in.
Alishuka akichechemea: She limped down.
Nilirudi kwa miguu: I walked back.

Tunga kumi kila usiku, kwa sauti. Ukishazoea, ongeza *trudge*, yaani kujikokota. Aliyewahi kupanda usiku kuelekea Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hahitaji kuelezwa zaidi: "We trudged up."

Hatua ya 3. Sasa vile visivyotaka kineno: *reach, enter, approach*. "We reached the camp," basi. *Reach to the camp* ifute. *Arrive* ndiyo inayotaka: *arrive at* kwa kambi, geti au kituo, *arrive in* kwa mji au nchi. *Arrive to* haipo, hata kama umeisikia mara mia. Na *leave* iangalie kwa macho mawili: "We left Moshi" ni tumetoka Moshi, "We left for Moshi" ndiyo kwanza tumeianza safari ya kuja Moshi.

Hatua ya 4. *Bring* ni kuleta, *take* ni kupeleka. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye "nakuja." Sisi humwambia mtu "nakuja" huku tunampa mgongo, naye anaelewa kwamba tutarudi. Mwanafunzi wangu mmoja alimwambia mgeni "I'm coming" kisha akatokomea jikoni. Mgeni akabaki ameduwaa, maana alichosikia ni kwamba kijana anakwenda naye. Ukiondoka kidogo, sema "I'll be right back."

Hatua ya 5. Umbali. Swali ni "How far is it?" na jibu hutumia *from*: "Arusha is about 80 kilometres from Moshi." *Far* hupendeza kwenye swali na kwenye kukanusha: "Is it far?" "No, it isn't far." Kama kweli ni mbali, sema "It's a long way." Mwendo wa dakika kumi kwa miguu ni "a ten-minute walk," na hiyo *minute* haichukui *s*. Wa saa mbili kwa gari ni "a two-hour drive."

Zoezi la leo: andika njia yako ya asubuhi, toka mlangoni mpaka kazini, kila sentensi na kitenzi chake. Yangu inaanza hivi: "I walk out of the house, go down the hill, cut across the football pitch and jump on a daladala."