Jinsi ya Kufundisha Sataranji Mtandaoni kwa Bao la Pamoja

Nilipoanza kufundisha sataranji mtandaoni nilikuwa nawaonyesha wanafunzi skrini yangu tu. Nasogeza kete, naeleza, wanaitikia "ndiyo mwalimu". Wiki inayofuata hakuna wanachokumbuka. Mambo yalibadilika nilipohamia kwenye bao ambalo mwanafunzi naye anasogeza kete kwa mkono wake. Natumia Study, bao la pamoja lililo ndani ya Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji: ni ya bure na haina matangazo.

1. Tengeneza study
Wewe na mwanafunzi kila mmoja awe na akaunti. Fungua study mpya, uiweke iwe ya walioalikwa tu, hasa kama unafundisha watoto. Kwenye mipangilio hiyohiyo, uchambuzi wa kompyuta ubaki kwako peke yako. Tafadhali usiiruke hatua hii. Mwanafunzi akiziona namba za kompyuta, haangalii tena bao.

2. Andaa sura kabla ya somo
Study moja inabeba hadi sura 64. Mimi huweka pozisheni moja kwa kila sura, na kwa somo la saa moja sura nne zinatosha. Kwa anayeanza, bandika FEN hii (mstari wa maandishi unaoeleza kila kete iko wapi):

4k3/8/4K3/4P3/8/8/8/8 w - - 0 1

Mfalme mweupe yuko e6, askari wake e5, mfalme mweusi e8. Nyeupe inaanza na inashinda.

3. Mwalike mwanafunzi
Andika jina la akaunti yake. Ataingia kama mtazamaji, kwa hiyo mbadilishe awe mchangiaji, la sivyo atakachosogeza hutakiona. Sauti mtazungumza kwa simu au programu nyingine.

4. Elewa SYNC na REC
Hivi ni vitufe viwili vya study. Hapa ndipo walimu wengi hukwama. SYNC ikiwaka, nyote mnatazama pozisheni ileile. Mmoja akirudi nyuma, mwenzake anarudi naye. REC ikiwaka, unachocheza kinahifadhiwa na wengine wanakiona. Ukitaka kujaribu jambo kimya kimya huku mwanafunzi anafikiri, zima REC kwanza. Ukisahau, umeshamwonyesha jibu.

5. Fundisha
Mwambie acheze nyeupe, wewe ushike nyeusi, kisha nyamaza. Ni vigumu, najua. Kwenye pozisheni ile, akipeleka mfalme d6, mjibu kwa mfalme d8. Akisukuma askari e6, nenda e8. Askari akifika e7, mfalme wako hana pa kwenda ila f7, naye mwanafunzi anaingiza mfalme wake d7: askari atakuwa malkia.

Akikosea, usiufute mwendo wake. Uchezeni hadi mwisho auone mwenyewe ubovu wake, kisha rudini nyuma ajaribu tena. Lichess huhifadhi njia zote mbili kando kwa kando, na hapo somo linakaa kichwani. Kama amekwama kabisa, chora mshale kwa kuburuta kipanya ukiwa umeshika kitufe cha kulia. Mshale mmoja unatosha. Bao likijaa mishale, mtoto anaifuata rangi badala ya kufikiri.

6. Kazi ya nyumbani
Badilisha aina ya sura iwe somo shirikishi. Mstari mkuu ndio jibu sahihi. Miendo mibaya iongeze kama matawi, na kila tawi liandikie maoni. Miendo mibaya ninayoweka ni ileile aliyoicheza yeye darasani.