Kumtunza mtoto mwenye uvimbe wa shina la ubongo (DIPG)

DIPG, uvimbe wa saratani, huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 10. Haukatwi kwa upasuaji, maana umejipenyeza katikati ya neva muhimu za uhai. Ukiona makengeza ya ghafla, mdomo kwenda upande na mwendo wa kuyumba, omba MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku). CT (picha ya eksirei ya kompyuta) inaweza kuukosa.

Mionzi ndiyo tiba kuu: kwa kawaida grei 54 (kipimo cha mionzi), vipindi 30, wiki sita. Wengi hupata nafuu ya miezi, kisha uvimbe hurudi. Wanaofika miaka miwili hawazidi 10 kati ya 100. Ni uchungu kusikia, lakini ulizeni mapema, na tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na kumfariji mgonjwa, ianze pamoja na mionzi, isingoje mwisho.

Deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, hupunguza uvimbe wa maji ubongoni. Mpeni baada ya chakula, dozi ya mwisho isiwe jioni sana, asije akakosa usingizi. Msiikatishe ghafla: mwili umezoea kuitegemea, mtoto anaweza kuzidiwa vibaya. Daktari huipunguza taratibu.

Kumlisha: mketishe wima, kidevu kiinamie kifuani, kijiko cha chai kimoja kimoja. Maji matupu ndiyo humpalia zaidi. Uji mzito kidogo humezeka kwa urahisi. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina majimaji kooni, acha kumlisha, umwambie daktari.