Mawese usiyachome hadi yapauke

Wapishi wengi wa mawese, Kigoma hadi Bujumbura, huyaacha jikoni mpaka yafuke moshi na kupoteza wekundu ili harufu ikatike. Jamani, wekundu huo ndio karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho ya watoto wetu. Ukishauchoma, umebaki na mafuta matupu. Tia kijiko kimoja kwenye sombe (kisamvu) au maharage yanapokaribia kuiva, moto mdogo. Kijiko, si upawa: karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, yale yanayopandisha lehemu kwenye damu. Mafuta ya nazi yamezidi, zaidi ya asilimia 80. Ya kupikia kila siku yawe alizeti, na ukikaangia usiyarudierudie.